Metadata ya ext4 Ikivurugika: Jinsi ya Kuitengeneza Bila Kupoteza Mafaili

Unaandika `ls` kwenye folda uliyoizoea, na badala ya tarehe na ukubwa wa mafaili unaona safu ya alama za kuuliza, au ujumbe `Structure needs cleaning`. Au umeme ulikatika, ukarudi, kompyuta ikawaka na kugota kwenye skrini nyeusi ya `initramfs` (mfumo mdogo unaotangulia kuwasha Linux) yenye onyo `UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`. Wengi hapo huandika `fsck -y`, wakaenda zao kunywa chai. Mara nyingi mambo hunyooka. Yasiponyooka, huwa hakuna njia ya kurudi nyuma.

Jambo la kulijua kabla ya kugusa chochote ni hili: `fsck`, programu ya kukagua na kutengeneza mfumo wa mafaili, haikuundwa ili iokoe mafaili yako. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili usijipinge wenyewe. Hesabu zilingane, kila bloki (kipande cha diski) iwe na mwenyewe mmoja, kila jina lielekee kwenye kitu kilichopo. Faili lako likiwa ndilo linalozuia hesabu kulingana, litaondolewa, na programu itamaliza ikiwa imeridhika kabisa. Kwa hiyo kutengeneza huja mwisho. Kwanza unanakili, unachunguza bila kuandika, unatoa unachokihitaji.

Mwongozo huu ni wa ext4, mfumo ambao Ubuntu na Debian hukuwekea usipochagua mwingine, na ambao umekuwa imara ndani ya keneli (kiini) ya Linux tangu toleo 2.6.28 la mwaka 2008. Mifumo mingine nimeigusa karibu na mwisho, kwa sababu dawa ya huu ni sumu kwa baadhi yake.

Kilichoharibika ni nini hasa

Katika ext4 jina la faili na faili lenyewe havikai pamoja. Folda ni orodha ya majina, na kila jina lina namba ya inodi. Inodi ndiyo yenye mengine yote: ukubwa, mwenye faili, ruhusa, tarehe, idadi ya majina yanayoielekea, na ramani ya bloki ambamo barua au picha yako imehifadhiwa. Kwa kawaida inodi moja ina baiti 256 na bloki moja ina baiti 4096. Patisheni hugawanywa katika makundi ya bloki 32768, yaani MiB 128 kila kundi, na kila kundi lina bitimapu mbili zinazoonyesha bloki zipi na inodi zipi zimeshikwa. Juu ya vyote kuna superbloki, inayoanza baiti 1024 kutoka mwanzo wa patisheni, ikieleza jinsi mfumo mzima ulivyopangwa.

Ukiujua mpangilio huu unajua pia cha kutarajia. Folda ikiharibika, majina hupotea lakini mafaili yapo. Inodi ikiharibika, jina lipo lakini halina linakoelekea. Bitimapu ikiharibika, hakuna kilichopotea bado, ila ukiendelea kutumia diski hiyo keneli inaweza kuziona bloki za picha zako kuwa ni tupu na kuandika juu yake.

Kuna na shajara. Kabla ya kubadilisha metadata, yaani maelezo hayo yote yanayohusu mafaili, ext4 huandika kwenye shajara yake kile inachotaka kufanya, ili umeme ukikatika katikati iweze kumalizia kazi utakapowasha tena. Maana yake, kukatika kwa umeme peke yake hakupaswi kuharibu metadata. Ikiharibika, shuku kitu kingine: diski inayosema imeshaandika wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda, RAM mbovu, waya uliolegea, au flashi bandia iliyoandikwa GB 64 wakati ndani ina chipu ndogo zaidi. Usipomjua mhalifu, utatengeneza leo na kurudia tena wiki ijayo.

Hatua ya 1: Zuia kuandika

Ondoa patisheni kwenye matumizi mara moja (`/dev/sdb1` ni mfano, weka jina la patisheni yako):

```
lsblk -f
sudo umount /dev/sdb1
```

Ikikataa kwa kusema inatumika, `sudo fuser -vm /dev/sdb1` itakuonyesha programu gani imeishikilia. Kama iliyoharibika ndiyo patisheni yenye mfumo wa uendeshaji wenyewe, zima kompyuta na uiwashe kwa flashi ya Ubuntu au ya SystemRescue, kisha ufanye kazi yote kutoka humo. Jihadhari, baadhi ya flashi hizo hufungua diski zenyewe ukibofya ikoni yake.

Kamwe usiendeshe `e2fsck`, yaani `fsck` ya ext4, ya kutengeneza juu ya patisheni iliyopachikwa (iliyo katika matumizi), hata programu ikikuuliza kama unataka kuendelea. Keneli ina nakala ya metadata kwenye RAM. Wewe unarekebisha diski huku, yenyewe inaandika nakala yake ya zamani juu ya marekebisho yako kule. Hapo uharibifu mdogo hugeuka kuwa mkubwa ndani ya sekunde chache.

Hatua ya 2: Soma dalili

```
sudo dmesg | grep -iE 'ext4|ata|I/O error'
sudo smartctl -a /dev/sdb
```

Ujumbe unatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua njia. `Structure needs cleaning` maana yake keneli imesoma metadata vizuri lakini haina mantiki. `Bad message` mara nyingi huja pale cheksamu (namba ya kuhakiki) ya metadata isipolingana na kilichosomwa. `Input/output error` ni habari nyingine kabisa: diski imeshindwa kusoma. Kwa hiyo ya mwisho usifikirie `fsck` kwa sasa. Diski inakufa, na kuilazimisha ipekue kila inodi ni kuimalizia.

Kwenye matokeo ya `smartctl`, ambayo ni ripoti ya afya ya diski, tazama mistari `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable`. Namba ya mwisho kwenye mistari hiyo ikiwa juu ya sifuri, na hasa ikiwa inaongezeka, nunua diski mpya. Kama ni `UDMA_CRC_Error_Count` peke yake inayopanda, badilisha waya kwanza. Huenda ukawa umejiokolea pesa. Diski za NVMe hazina mistari hii, zenyewe zina `Media and Data Integrity Errors`. Diski ya nje ya USB isiposomeka, ongeza `-d sat`.

Diski ikionekana nzima kabisa, lala na Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikizunguka usiku kucha. RAM mbovu ni mhalifu anayesahaulika, na ukitengeneza mfumo wa mafaili kwa kompyuta yenye RAM mbovu, `e2fsck` yenyewe itaandika uongo.

Hatua ya 3: Nakili patisheni nzima

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo pekee ambayo ukiifanya vizuri makosa ya hatua nyingine zote yanasameheka. Tumia `ddrescue`, ambayo kwenye Ubuntu na Debian husakinishwa kwa jina la `gddrescue`:

```
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb1 /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb1 /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/diski.map
```

Amri ya kwanza huchukua haraka yote yanayosomeka bila kung'ang'ania sehemu mbovu. Ya pili hurudi kwenye zile sehemu na kuzijaribu mara tatu. Faili la `.map` hukumbuka kilichosomwa na kisichosomwa, hivyo umeme ukikatika katikati unaandika amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Usilifute.

Tazama mpangilio wa majina mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: chanzo huja kwanza, kisha mahali pa kupeleka. Na hiyo diski ya kupokelea, hapa `/mnt/kubwa`, isiwe ya FAT32, kwa sababu haipokei faili la GiB 4 na kuendelea. Kama patisheni ina ukubwa wa GB 500, unahitaji nafasi ya kiasi hicho, hata kama ndani ulikuwa umetumia GB 90 tu. Azima diski kama huna.

Ukishapata `diski.img`, yaani picha (image) ya patisheni nzima ndani ya faili moja, iache kama ilivyo na ufanye kazi kwenye nakala yake:

```
sudo cp --sparse=always /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/jaribio.img
```

Nafasi haitoshi kwa nakala mbili? Diski ikiwa nzima, yenyewe ndiyo itakuwa akiba, na unajaribu kwenye picha moja uliyonayo.

Hatua ya 4: Chunguza bila kuandika

`e2fsck` hukubali kufanya kazi juu ya faili la picha kama inavyofanya juu ya diski:

```
sudo e2fsck -fn /mnt/kubwa/jaribio.img | tee ripoti.txt
```

Herufi `n` hujibu hapana kwa kila swali na kufungua picha kwa kusoma tu. Herufi `f` hulazimisha ukaguzi hata kama superbloki inadai kila kitu ni safi. Jambo moja linalowatisha watu bure: chini ya `-n` shajara haichezwi, na programu inakuambia hivyo mwanzoni. Kwa hiyo baadhi ya makosa kwenye ripoti ni mambo ambayo shajara ingeyamaliza yenyewe. Ripoti yenye mistari mingi si lazima iwe msiba.

Ukikutana na `Bad magic number in super-block`, usikimbilie kudhani superbloki imekufa. Kwanza hakikisha umeelekeza kwenye patisheni, `/dev/sdb1`, wala si kwenye diski nzima, `/dev/sdb`. Kisha hakikisha patisheni hiyo haiko ndani ya LUKS (usimbaji wa diski) au LVM (mpango wa kugawa diski). `lsblk -f` itakuambia. Kama kweli ni superbloki, ext4 ina nakala zake kwenye makundi machache yaliyochaguliwa. Kwa bloki za baiti 4096 nakala hizo ziko kwenye bloki 32768, 98304, 163840, 229376 na kuendelea:

```
sudo e2fsck -fn -b 32768 -B 4096 /mnt/kubwa/jaribio.img
```

Ya kwanza ikigoma, jaribu 98304. Utasikia ushauri wa kutumia `mke2fs -n` ili kuorodhesha namba hizo. Inafanya kazi, lakini ukisahau hiyo `-n` umefomati patisheni unayotaka kuiokoa. Namba zenyewe si nyingi, zijaribu kwa mkono.

Hatua ya 5: Toa mafaili kabla ya kutengeneza chochote

Jaribu kupachika picha kwa kusoma tu, bila kucheza shajara:

```
sudo mkdir -p /mnt/angalia
sudo mount -o ro,noload,loop /mnt/kubwa/jaribio.img /mnt/angalia
```

Ikikubali, nakili kila kinachofunguka kwenda diski nyingine, ukianza na vile visivyo na mbadala: picha za familia, tasnifu, vitabu vya hesabu vya biashara. Filamu na programu ziache, zitapatikana tena. Ukimaliza, `sudo umount /mnt/angalia`.

Ikikataa, bado kuna `debugfs`, chombo cha kusoma ndani ya ext4 bila kuipachika:

```
sudo debugfs -c /mnt/kubwa/jaribio.img
debugfs: ls -l /home
debugfs: rdump /home/asha /mnt/kubwa/okoa
debugfs: stat <131085>
debugfs: dump <131085> /mnt/kubwa/okoa/barua.odt
```

Herufi `c` huifungua bila kusoma bitimapu, kwa hiyo bitimapu zikiwa zimevurugika haijali, na hairuhusu kuandika. Folda ya `okoa` uwe umeiunda kabla. `rdump` huchukua folda nzima pamoja na yaliyomo, `dump` huchukua faili moja. Uzuri wa kuweka namba ya inodi ndani ya alama za mshale ni kwamba huhitaji jina. Chukua `ripoti.txt`, tafuta kila inodi iliyotajwa kwamba itafutwa, na uitoe hapa kabla haijafutwa. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayotenganisha aliyeokoa tasnifu yake na aliyeishia na mfumo safi usio na kitu ndani.

Hatua ya 6: Tengeneza nakala

```
sudo e2fsck -f -z /mnt/kubwa/rudisha.e2undo /mnt/kubwa/jaribio.img
```

Chaguo la `-z` hurekodi kila bloki kabla haijabadilishwa. Matokeo yasipokupendeza, unarudisha hivi:

```
sudo e2undo /mnt/kubwa/rudisha.e2undo /mnt/kubwa/jaribio.img
```

Usiitegemee kupita kiasi. Maelezo rasmi ya programu yanaonya kwamba faili hilo haliwezi kukuokoa umeme ukikatika au kompyuta ikizimika katikati ya kazi. Kwa sisi ambao umeme hutoweka bila kuaga, kompyuta ya mpakato yenye betri iliyojaa ndiyo chombo cha kazi hii.

`e2fsck` hupita awamu tano: inodi na bloki zake, muundo wa folda, kuunganika kwa folda, idadi ya majina ya kila inodi, na mwisho hesabu za makundi. Maswali ya awamu ya 4 na ya 5, kama vile `Free blocks count wrong`, ni ya kusahihisha hesabu. Kubali bila wasiwasi. `Unattached inode ... Connect to /lost+found?` ni habari njema, faili lililopoteza jina limepatikana, kubali. Simama kwenye `Clear?` linalokuja baada ya kutajwa inodi yenye bloki zisizo halali, kwa sababu hapo kuna faili linaloondoka. Umeshalitoa kwa `debugfs`? Basi kubali.

Lililo gumu zaidi ni `Multiply-claimed block(s)`: mafaili mawili au zaidi yanadai bloki moja. Programu itakuuliza kama inakili bloki hizo ili kila mmoja apate zake. Kubali, lakini ujue kwamba angalau faili moja kati ya hayo lina maudhui ya mwenzake ndani yake. Andika majina yote yaliyotajwa na uyafungue moja moja baadaye.

Ukichoka kujibu, herufi `a` hukubali yote yaliyobaki. Juu ya nakala, kwa mtu aliyekwisha kutoa mafaili yake, hata `-y` si dhambi.

Ikimaliza, andika `echo $?`. Jibu 0 ni kwamba hakuna kosa, 1 makosa yamesahihishwa, 2 yamesahihishwa na kompyuta inapaswa kuwashwa upya, 4 bado kuna makosa, 8 programu yenyewe ilikwama. Rudia `sudo e2fsck -f` mpaka upate 0. Nakala ambayo kila ukirudia inaleta makosa mapya, wakati hakuna mwingine anayeiandika, inakurudisha kwenye RAM na kwenye diski uliyoihifadhia.

Hatua ya 7: Pekua lost+found

Mafaili yaliyopoteza majina hukaa `/lost+found` yakiwa na alama ya reli na namba ya inodi, mfano `#131074`. Folda zilizokaa humo huwa zimebadilika jina lao tu. Majina ya vilivyo ndani yake hubaki, kwa hiyo anza na hizo. Pachika tena `jaribio.img` kama kwenye hatua ya 5, na yaliyobaki yatambue kwa aina:

```
sudo sh -c 'file /mnt/angalia/lost+found/*' | less
```

`file` husoma mwanzo wa maudhui na kukuambia hili ni JPEG, lile ni PDF. Picha za simu mara nyingi zina tarehe ndani yake, na `exiftool` inaweza kuzipa majina kwa tarehe hizo.

Hatua ya 8: Rudi kwenye diski halisi, au usirudi

Diski ikiwa nzima, RAM nzima, na makosa yalikuwa machache, endesha hatua ya 6 juu ya `/dev/sdb1` yenyewe. Vinginevyo mimi hupendelea kufomati upya, au kununua diski nyingine, na kurudishia mafaili yaliyookolewa. Mfumo uliotengenezwa baada ya uharibifu mkubwa haujipingi, lakini hilo halithibitishi kwamba maudhui ya mafaili ni sahihi. Cheksamu za ext4 hulinda metadata peke yake. Kama ni patisheni ya mfumo wa uendeshaji, `debsums -s` kwenye Debian na Ubuntu, au `rpm -Va` kwenye Fedora, itakuonyesha mafaili ya programu yaliyobadilika. Kwa mafaili yako binafsi, linganisha na bakapu ya zamani kama unayo.

Kwa aliyekwama kwenye `initramfs` na hana kitu cha thamani kwenye kompyuta hiyo, njia fupi ni `fsck -f /dev/sda2`, kwa kuweka jina la patisheni iliyotajwa kwenye onyo, kisha `exit`. Hapo patisheni kuu haijapachikwa bado, hivyo ni salama kwa kiasi chake.

Mifumo mingine, kwa ufupi

XFS: `fsck.xfs` haifanyi lolote, inayotakiwa ni `xfs_repair`, na `-n` yake ni ya kuchunguza. Ikikuambia shajara ina mambo ambayo hayajakamilika, pachika patisheni na uiondoe ili ichezwe; `-L` huitupa shajara hiyo, ni ya mwisho kabisa. Btrfs: usianze na `btrfs check --repair`, watengenezaji wenyewe wanaonya. Pachika kwa kusoma tu, na ikishindikana toa mafaili kwa `btrfs restore`. NTFS: `ntfsfix` ya Linux hurekebisha mambo machache tu na kuacha Windows ifanye ukaguzi, kwa hiyo baada ya kunakili peleka diski kwenye Windows na utumie `chkdsk`. Flashi za FAT hutengenezwa kwa `fsck.vfat`, na flashi unayoishuku kuwa bandia ipime kwa `f3write` na `f3read` baada ya kuondoa kila kitu chako.

Mwisho, badilisha mpangilio mmoja leo. ext4 ikiona metadata imeharibika, chaguo-msingi lake ni kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu. Kisakinishi cha Debian huweka `errors=remount-ro` kwenye patisheni kuu, lakini patisheni za data ulizoziunda mwenyewe na diski za nje hubaki zikiandika juu ya uharibifu. Ziambie zigeuke za kusoma tu:

```
sudo tune2fs -e remount-ro /dev/sdb1
sudo tune2fs -l /dev/sdb1 | grep -iE 'state|error|checked'
```

Amri ya pili inafaa kurudiwa kila baada ya muda. Kama ext4 imewahi kukutana na kosa, hapo utaona hali ya mfumo, idadi ya makosa, na tarehe ya kosa la kwanza, ambayo mara nyingi iko nyuma sana kuliko siku uliyoanza kuona alama za kuuliza.